Baridi ikizidi, tuote moto wa namna gani?

Msimu wa baridi ndio huo. Kwa jamaa zetu wa bondeni Usangu ni msimu wa kutafuta sweta jioni tu, lakini kwa familia za Njombe, Makete, Mufindi na milima ya Mbeya, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya kuhangaikia moto. Usiku wa Njombe mara nyingi hushuka chini ya nyuzi joto 10. Kule Makete, kwenye uwanda wa Kitulo ulio karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kuna asubuhi ambazo watu huamka na kukuta sakitu imelala juu ya majani kama chumvi iliyomwagwa, na majani ya viazi yameungua kwa baridi.

Katika toleo hili tumeona ni vema tuzungumze juu ya jambo ambalo kila nyumba hulifanya bila kulifikiria sana, yaani kuchagua kitu cha kuchoma ili nyumba ipate joto. Wengi wetu huchagua kwa kuangalia mambo mawili, bei na moshi. Kisichotoa moshi, na ambacho fedha inakitosha, ndicho kinachoingizwa ndani. Sisi tunaomba kuongeza jambo la tatu, ambalo kwa upande wa afya ndilo la kwanza: hewa inayotoka kwenye moto huo inakwenda wapi? Maana kadiri baridi inavyozidi ndivyo tunavyoziba madirisha, na ndivyo jiko la mkaa linavyotuvutia. Mambo hayo mawili yakikutana chumbani usiku, familia nzima inaweza isiamke.

MKAA USIO NA MOSHI

Mama wa nyumbani anajua kuwasha mkaa. Huuwasha nje, huupepea, husubiri moshi uishe na mkaa ushike wote uwe mwekundu, kisha huliingiza jiko ndani. Anaamini kwamba ubaya wote umekwisha kutoka pamoja na ule moshi. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mkaa unapoungua kwa hewa ya kutosha hutoa hewa ukaa, ile ile tunayoitoa tunapopumua. Lakini katikati ya rundo la mkaa hewa haitoshi, na huko hutengenezwa hewa nyingine iitwayo kaboni monoksaidi. Umewahi kuona zile ndimi ndogo za buluu zinazocheza juu ya mkaa ulioshika vizuri? Hiyo ndiyo kaboni monoksaidi yenyewe, inaungua inapokutana na hewa ya juu. Ile isiyowahi kuungua hutoka na kuenea chumbani. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Moshi wa kuni mbichi, pamoja na ubaya wake wote, una fadhila moja: unakufukuza. Mkaa mwekundu haukufukuzi, unakubembeleza ulale.

Ndani ya mwili, kaboni monoksaidi huingia mapafuni na kushikamana na chembe nyekundu za damu mahali pale pale ambapo oksijeni ilitakiwa kukaa. Hushikamana kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo hata kama ni kidogo hewani, saa baada ya saa hujikusanya katika damu. Moyo na ubongo, ambavyo haviwezi kukaa bila oksijeni, ndivyo huumia kwanza. Mtu aliye macho husikia kichwa kikigonga, kizunguzungu na kichefuchefu, na akitaka kuinuka miguu inakataa. Aliyelala hasikii kitu.

Kuna mambo kadhaa ambayo watu hufanya wakidhani yanasaidia, na ni lazima tuyaseme wazi. Wengine huweka beseni la maji karibu na jiko ili maji "yanywe sumu". Maji hayainywi, kaboni monoksaidi karibu haiyeyuki katika maji. Wengine hulala kitandani juu wakiamini kwamba sumu inabaki sakafuni, au hulala sakafuni wakiamini kwamba inapanda. Uzito wake ni karibu sawa na hewa ya kawaida, kwa hiyo huenea chumba kizima, juu na chini. Wengine hufunika uso kwa blanketi au kitambaa. Kitambaa huzuia vumbi, hakizuii hewa hii. Na wengine huacha upenyo mdogo wa dirisha, wa upana wa kidole. Huo ni bora kuliko kuziba kabisa, lakini hautoshi kumfanya mtu alale salama na jiko, hasa upepo ukigeuka.

Ubora wa mkaa nao haubadilishi jambo hili. Mkaa mzuri, ule unaolia kama kigae ukiugonga na unaong'aa ukiuvunja, hutoa moshi kidogo na joto jingi kuliko ule wenye vijinga ambavyo havikuiva. Kwa kupikia ni sawa kabisa kuuchagua. Lakini mkaa mzuri, mkaa wa vumbi lililoshindiliwa na mkaa mbadala wa aina yoyote vyote hutoa kaboni monoksaidi. Mfuko ulioandikwa kwamba mkaa huu hauna moshi unasema kweli, lakini haujasema kwamba unaweza kulala nao.

MBONA WAZEE WALILALA NA MOTO?

Swali hili huulizwa kila mara, na ni swali zuri. Babu na bibi zetu walilala wakizunguka moto, na tumezaliwa sisi. Jibu liko katika nyumba zaidi kuliko katika moto. Nyumba ya nyasi inapumua. Moshi hupita katikati ya majani ya paa, na kati ya ukuta na paa kuna nafasi ambayo mkono unapita. Kilichochomwa kilikuwa kuni, na kuni zinazowaka kwa ndimi hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko mkaa. Hata hivyo wazee hao hawakusalimika kabisa. Kikohozi kisichokwisha cha akina bibi na macho yao mekundu yanayotoa machozi vilitokana kwa sehemu kubwa na moshi huo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa magonjwa yaliyoletwa na moshi wa nyumbani, na kati yao zaidi ya 200,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5.

Sasa tazameni nyumba tunazojenga leo. Tofali za kuchoma, sakafu ya saruji, mabati, dari iliyobanwa vizuri, madirisha ya vioo na mlango wa mbao unaofunga kabisa. Tumefanya vema, nyumba hiyo haiingizi mvua wala panya. Lakini kile kilichokuwa kinatoka juu ya paa la bibi sasa hakina pa kutokea. Jiko ni lile lile, nyumba ndiyo imebadilika. Familia iliyohama kutoka nyumba ya nyasi na kuingia nyumba mpya mwezi wa Mei, ikabeba na desturi ya kuingiza jiko chumbani, iko katika hatari ambayo haikuwa nayo mwaka uliopita.

Kuna badiliko jingine ambalo halisemwi sana. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati hiyo. Ni jambo jema mno kwa mapafu ya mama zetu. Lakini huku kwetu jiko la kuni lilikuwa na kazi mbili, kupika na kupasha nyumba joto. Gesi hupika wali kwa dakika 20 na kuzimwa, na nyumba inabaki baridi. Tusipofikiri mapema juu ya ile kazi ya pili, jiko la mkaa lililotolewa jikoni mchana litarudi chumbani usiku.

KUNI ZA JUNI HUKATWA SEPTEMBA

Kwa familia yenye mahali pa kuotea moto penye dohani, au jiko la chuma lenye bomba la kupeleka moshi nje, kuni ndizo chaguo letu la kwanza. Lakini kuni gani?

Jambo kubwa kuliko aina ya mti ni ukavu. Kuni iliyokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiitia motoni, moto hufanya kwanza kazi ya kuchemsha maji hayo yote kabla ya kukupa wewe joto. Kilo 1 ya kuni ya namna hiyo hutoa karibu nusu tu ya joto la kilo 1 ya kuni iliyokauka vizuri. Nusu nyingine umeinunua, umeibeba, kisha ikatoka kama mvuke na moshi. Tena moshi huo wa majimaji hupanda kwenye dohani, hupoa, na kuganda ukutani kama lami nyeusi. Lami hiyo ikishakuwa nene, siku moja hushika moto, na nyumba huungua kuanzia juu.

Huku kwetu mvua huanza Novemba na kwisha Aprili au Mei. Anayengoja mpaka Mei ndipo akate kuni, anakata mti ulionyeshewa miezi sita. Anayenunua mzigo ulioachwa bila paa pembeni ya barabara, ananunua mvua. Utaratibu unaofaa ni kukata mara baridi inapokwisha, Agosti au Septemba, kupasua wakati huo huo, kupanga kuni kwenye jua na upepo mpaka mvua zinapokaribia, kisha kuzihamishia chini ya paa, pembeni pakiwa wazi ili hewa ipite. Kuni zilizopasuliwa Septemba huwa tayari Juni inayofuata. Mkaratusi hasa ni lazima upasuliwe ukiwa mbichi, maana ukikauka ukiwa gogo zima shoka litadunda.

Utaijuaje kuni kavu? Ncha zake zina nyufa zinazotoka katikati kama miale ya jua. Gome linabanduka lenyewe. Ukigonga vipande viwili hulia kwa sauti kali, si kwa sauti nzito ya kitu kilicholowa. Na ukiitia motoni haitoi povu wala kuzomea.

Baada ya ukavu ndipo tunauliza jina la mti. Hapa tunapishana na wanaosema kwamba msindano si kuni. Kwa kilo, msindano mkavu na muwati mkavu hutoa joto linalokaribiana sana. Tofauti ni kwamba muwati ni mzito. Mzigo mmoja wa muwati una kilo nyingi kuliko mzigo wa msindano wenye ukubwa ule ule, na kwa kuwa sisi hununua kwa mzigo na si kwa mizani, muwati hutufaa zaidi kwa fedha ile ile. Angalieni tu kwamba uzito huo ni wa mti na si wa maji. Muwati uliletwa nyanda hizi kwa ajili ya magome yake ya kutengenezea ngozi. Kuni zake ni zawadi iliyokuja nyuma. Huwaka polepole, huacha makaa mazuri na hauna utomvu mwingi. Msindano una utomvu, huwaka upesi, hutoa masizi na kwisha mapema. Hilo si kosa, ni tabia, na kila tabia ina saa yake.

JIONI YA UKUNGU NA USIKU WA NYOTA

Baridi yetu si ya namna moja. Kuna siku ambazo ukungu na manyunyu hufunika milima tangu asubuhi. Siku hizo mtu husikia baridi ya kuloa, lakini usiku wenyewe haushuki sana, kwa sababu mawingu huzuia joto la ardhi lisipotee. Na kuna siku ambazo mchana jua ni kali, jioni anga ni safi na upepo umetulia. Hizo ndizo za kuogopa, maana joto lote la ardhi hupanda juu bila kizuizi, na kufikia saa 11 alfajiri sakitu imeshuka. Kwa hiyo saa 12 jioni tokeni nje mtazame juu, mtajua mnahitaji moto wa namna gani.

Jioni ya ukungu, moto mdogo unatosha. Lakini jioni hiyo hiyo dohani huvuta kwa shida. Dohani huvuta kwa sababu hewa ya ndani yake ni ya moto na nyepesi kuliko hewa ya nje. Nje pasipokuwa na baridi kali, tofauti hiyo ni ndogo, na moshi hurudi chumbani. Hapo gogo la muwati lililolazwa likifuka tu si chaguo zuri. Chaguo ni vipande vyembamba vya msindano mkavu vinavyowaka kwa ndimi ndefu. Vitalipasha dohani joto upesi na kulifanya livute, na saa moja ya moto huo itatosha kukausha chumba.

Usiku wa nyota unaanzishwa kwa njia ile ile, kwa msindano, na dohani likishashika kuvuta ndipo huongezwa muwati au mkaratusi. Moto wake uwe mkubwa mapema, kuanzia saa 12 mpaka saa 3 usiku, ili kuta za tofali zinywe joto na kulirudisha polepole watu wakiwa wamelala. Desturi ya kujaza magogo wakati wa kulala na kubana hewa ili moto "ukeshe" hatuipendi hata kidogo. Moto uliobanwa hauwaki, unafuka. Hutengeneza lami kwa wingi na kaboni monoksaidi kwa wingi. Vivyo hivyo msifunge kifuniko cha dohani wakati makaa bado ni mekundu kwa nia ya kuzuia joto lisitoke. Makaa hayo ni mkaa, na mmeufungia ndani pamoja nanyi.

Kabla ya moto wa kwanza wa msimu, dohani lisafishwe, na mtu atazame kama ndege hawakujenga kiota huko juu wakati wa mvua. Kisha washa karatasi moja chini yake. Moshi ukipanda, endelea. Ukirudi usoni, usiendelee mpaka umejua sababu.

VISIVYOTAKIWA MOTONI

Mafinga na Njombe ni miji ya mbao, na mabaki ya mbao ni kuni za bure kwa watu wengi. Mabaki ya msindano safi hayana neno. Lakini tunaomba sana, msichome vipande vya nguzo za umeme, vigingi vya uzio wala mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, hasa zile zenye rangi ya kijani hafifu. Dawa inayotumika sana kwa rangi hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu kali, na moto hauiui. Sehemu hupanda na moshi na sehemu hubaki katika majivu. Majivu hayo yakimwagwa kwenye bustani ya mboga au yakiokwa ndani yake viazi, sumu inahamia kwenye sahani. Mbao zenye rangi, ubao wa gundi na mifuko ya plastiki ya kuwashia moto navyo vibaki nje. Mianzi mikavu huwaka vizuri, ila ipasuliwe kwanza, la sivyo kila pingili italipuka kama baruti na kurusha cheche juu ya watoto. (Mianzi ya ulanzi, tunafahamu, ina kazi nyingine inayopendwa zaidi.)

Maranda hushindiliwa katika kopo lenye tundu katikati na kuwashwa. Jiko hilo ni rahisi na hukaa na moto muda mrefu, lakini hufuka, na mahali pake ni nje au kibanda kilicho wazi. Wenzetu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini huyafanya maranda kuwa tembe ngumu zenye unene wa milimita 6 hadi 8, zilizokaushwa mpaka unyevu unakuwa asilimia 10 au chini yake, na huzichoma katika majiko yenye feni ya umeme na bomba la kutolea moshi. Ndugu zetu walioko huko wanajua ubishi wa msindano na mti mgumu kama sisi, na jibu lao ni hilo hilo: kwa kilo hupishana kidogo, cha kutazama ni ukavu na uchache wa majivu. Na hata tembe hizo safi zina jambo la kutufundisha. Zikiwa zimelundikwa ghalani, kabla ya kuwashwa, hutoa kaboni monoksaidi zenyewe kwa sababu ya mafuta ya mti yanayobadilika hewani. Ujerumani mwaka 2010 na Uswisi mwaka 2011 watu walikufa kwa kuingia tu katika ghala la tembe.

GESI NA UMEME

Jiko la gesi halikutengenezwa kuwa la kuota. Mwali wa buluu ni dalili ya kuungua vizuri. Mwali wa njano unaoacha masizi chini ya sufuria ni dalili ya kaboni monoksaidi. Kuwasha jiko la gesi kwa saa nyingi katika chumba kilichofungwa hupunguza hewa ya kupumua na kuloanisha kuta, na mwali wa buluu hugeuka kuwa wa njano bila mtu kutambua. Tena gesi ya mtungi ikivuja ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni ikingoja cheche. Tuitumie kuchemsha maji.

Naam, maji ya moto ndiyo tunayoyapendekeza kwa chumba kisicho na dohani, na hivyo ndivyo vilivyo vyumba vingi. Chupa ya mpira ya maji ya moto, yenye maji yasiyochemka, iliyofungwa kwa kitenge, huingizwa kitandani nusu saa kabla ya kulala. Tofali lililopashwa moto jikoni na kufungwa kwa gunia hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa mtoto mchanga, na kwa mzee mwenye kisukari ambaye miguu yake haihisi, chupa na tofali viondolewe kabla hawajalala, kwa sababu wataungua bila kusema. Wenye umeme wanaweza kutumia hita. Hita ya wati 1,500 hula yuniti 1 na nusu kwa saa, hivyo iwashwe kabla ya kulala kisha izimwe. Na chini ya paa la bati lisilo na dari, hakuna moto utakaotosha. Dari, hata ya mkeka au ya mianzi iliyosukwa, huokoa kuni nyingi kila msimu.

MZAZI NA MTOTO MCHANGA

Desturi ya kumwekea mama aliyejifungua jiko la mkaa chumbani, wengine hata chini ya kitanda, ni desturi ya upendo. Lakini huyo mama na mtoto wake ndio wanaokaa chumbani saa zote 24, na chumba hicho ndicho kilichozibwa kuliko vyote. Akina mama wajawazito pia wajihadhari kuliko wengine, kwa kuwa damu ya mtoto aliye tumboni huishika kaboni monoksaidi kwa nguvu na kuiachia polepole. Mama anaweza kupata kichwa kuuma tu, mtoto akaumia vibaya.

Mtoto mchanga hutunzwa joto kwa njia iliyo bora kuliko jiko: kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kichwani kofia, juu kanga na blanketi. Mwili wa mama ni jiko lisilohitaji dohani. Akichoka, baba au bibi apokee kwa njia hiyo hiyo. Mama mkwe anayekuja kusaidia aelezwe kwa heshima kabla ya siku ya kujifungua, si usiku ule jiko likiwa limekwisha kuwashwa.

IKIWA IMETOKEA

Dalili za sumu hii hufanana na za malaria au mafua, na wengi hunywa dawa za malaria bure. Tofauti ni hizi: hakuna homa, wanaumwa wote waliolala chumba kile kwa wakati mmoja, hata paka, na mtu akitoka nje hupata nafuu, akirudi ndani huumwa tena.

Ukikuta watu hawaamki katika chumba chenye jiko, usikimbilie kukaa ndani kuwaamsha. Fungua mlango na madirisha yote, vuta pumzi nje, ingia, mtoe mmoja baada ya mwingine mpaka nje kabisa. Asiyepumua apuliziwe pumzi mdomoni. Anayepumua bila fahamu alazwe kwa ubavu. Msimpe maziwa wala kitu chochote cha kunywa. Maziwa hayaondoi sumu iliyo katika damu, na mtu asiye na fahamu hupaliwa.

Kisha wote wapelekwe kituo cha afya au hospitali yenye oksijeni, hata wale wanaosema wamepona. Katika hewa ya kawaida huchukua saa 4 hadi 5 kupunguza nusu tu ya sumu iliyo katika damu. Kwa oksijeni ya mtungi huchukua kama saa 1 hadi 1 na nusu. Mkifika, semeni maneno haya mapema: "Tulikuwa na jiko la mkaa chumbani." Yasemeni hata kama mnaona aibu, kwa sababu kile kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole hakiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu yenye kaboni monoksaidi. Kitaonyesha asilimia 98, na mgonjwa atarudishwa nyumbani na dawa ya kichwa.

Mgonjwa akisharuhusiwa, aangaliwe kwa muda wa wiki 6 hivi. Wapo wanaoonekana wazima kabisa, kisha baada ya siku au wiki kadhaa huanza kusahau, kukasirika ovyo au kutembea kwa kuyumba. Hilo likitokea arudishwe hospitali, na anayemsindikiza ataje usiku ule wa jiko na tarehe yake.